Bangi ya Shemeji

Jumanne, 18 Septemba 2018
Mahakama imeruhusu mtu kupanda bangi kwake! Pitchou karuka kwenye kochi utadhani kapata kazi. Kazi yenyewe hajaitafuta tangu afike kwetu huku Yeoville. Mdogo wa mume wangu — anakula kwangu, analala sebuleni kwangu. Sasa ati mkulima. Sufuria tu hajawahi kuosha!

Jumamosi, 6 Oktoba
Nimetoka saluni, nakuta lengalenga zangu zimeng'olewa. Zote! Mboga niliyopanda mwenyewe uani. Kaweka miche yake. Nikapiga kelele. Ati nisijali, katikati atapanda kunde zifunike udongo usikauke, nami nitachuma majani. Kaona kwenye simu. Profesa!
Hénock, mume wangu, je? "Masika, mwache kijana ajaribu."
Kijana ana upara.

Jumapili, 28 Oktoba
Kanisani hakuja. Tumemkuta na mkasi wangu wa saluni, anakata ncha ili miche itanue matawi. Miwili imebaki vijiti. Anaipa pole! Mimi nilipolazwa mwezi wa saba hakuja hata kuniona.
Kunde zimestawi, maana nazimwagilia mimi. Bangi nayo inakunywa humo humo. Nitairuka vipi?

Alhamisi, 22 Novemba
Harufu. Mpaka kitenge cha kanisa kinanuka. Jirani, Mama Jeannine, kauliza juu ya ukuta ni mboga gani naimwagilia kila asubuhi. Nikasema kunde. Akachekea puani.
Tena marafiki wa Pitchou wanabisha, wanauliza itakuwa tayari lini, bei gani. Kwani mahakama iliruhusu na duka? Nimemkumbusha Hénock: Januari tunaenda kurefusha karatasi zetu za ukimbizi. Polisi wakija?
"Eish, Masika, unapenda kuogopa."

Jumamosi, 8 Desemba
Polisi wako uani. Wawili. Nimeingia kuchukua karatasi yangu, nikashika daftari hili. Wangoje.
Wameambiwa hapa panauzwa bangi. Wakauliza bustani ya nani. Pitchou hata mate hakumeza: "Ya shemeji. Yeye ndiye anamwagilia." Kwa Kizulu safi! Kile ambacho nikimtuma spaza, kiduka cha mtaani, hakijui.
Nikamgeukia Hénock. Miaka kumi na miwili ya ndoa. Akainama, anatazama kunde.
Yule polisi wa kike akaniuliza, taratibu: "Mama, ni kweli?"
Nikasema naleta karatasi.
Ninayo mkononi. Hénock kaja mlangoni, ananong'ona. Niseme ndiyo tu. Mimi mwanamke, hawatanifanya kitu. Pitchou wakimshika, yeye atamwambia nini mama yao kule kwetu Butembo?
Mama yao!
Kanisogezea na viatu vyangu. Kavipanga vizuri, pamoja. Siku zote hizi hajawahi kunishikia hata kiatu.
Navaa. Yule mwanamke ananiita tena—