Mpera wa Mama umelikalia dishi mbele

Shoga, leo mchana mtu nisiyemjua kabisa amebisha hodi. Kumbe fundi wa madishi, anatafuta nyumba ya jirani.

Nikamwambia, maadamu umekosea mlango, hebu tuangalizie na letu. Wiki ya tatu sasa picha inaganda. Nimeligeuza kila upande, nimebadilisha waya, wapi!

Hata ngazi hakupanda. Alitazama juu, akacheka. "Dishi lako zima, dada. Mti ndio umelikalia mbele. Mvua zimeujaza majani."

Mpera wa marehemu mama, shoga. Aliupanda mwaka ule alioanza kuugua. Digrii nzima, na mti sikuuona!

Nawe unajua baba tangu aanguke hatoki kitandani, runinga ndiyo mgeni wake pekee. Nilishamwahidi kwamba mpira wa leo atauona, iwe iwavyo.

Nikaenda kumweleza, nikidhani atasema niuache. Akaniuliza tu, "Kwani mpira unaanza saa ngapi?"

Basi. Hilo tu.

Nikapanda na panga. Sikulia. Mikono ilikuwa kama ya mtu mwingine. Fundi alisimama chini na kipimo chake cha mawimbi, ananisomea: "Thelathini... hamsini... bado tawi moja, dada."

Lile tulilokuwa tunakalia mimi nawe tukisomea mtihani.

Nikalikata.

"Themanini! Shuka."

Sasa mpira umeanza. Baba anaona hadi namba za migongoni. Nimekaa naye hapa, nachomoa majani ya mpera nyweleni.