Nilikificha kiungo cha dundu kwa sababu ya haya

Mshauri mpendwa,

Baada ya kukutakia kheri, nakuomba unisaidie kwa neno, kwani mimi ni mtu wa miaka sitini na minane, nasomesha watoto dini kila alasiri, na asubuhi ni mchoraji katika jumba la makumbusho, idara ya wadudu, kazi niliyoifanya kwa miaka thelathini na mmoja bila mtu kunitilia shaka, na sasa shaka hiyo najitilia mwenyewe.

Mkuu wa idara yetu ni mwanamke wa makamo, sote twamwita Daktari, naye huniita Baba. Kwa miaka minne ameinama katika mazizi ya ng'ombe akipekua mavi, hadi akampata dundu ambaye, kwa elimu yake, hajapata kuandikwa na mtu yeyote, na ili aandikwe sharti achorwe, nami nikamchora kichwa, pembe, miguu na mgongo unaong'aa kama shaba iliyosuguliwa, nikimsifu Muumba kwa kila mstari. Lakini dundu huyu na binamu yake anayejulikana tangu zamani wanafanana kama maharagwe mawili, na kinachowatenganisha ni kimoja tu, kiungo cha uzazi cha dume, ambacho cha huyu kimepinda nchani kama ndoana na cha mwenzake kimenyooka, na dume tulilonalo ni moja, waliobaki wote ni majike. Daktari akakitoa kiungo kile, kidogo kuliko punje ya mtama, akakitia katika kichupa na kuniwekea mezani. "Baba, hiki nataka kijaze ukurasa mzima, na jina lako chini yake."

Nilikuwa nimekiweka chini ya hadubini mtunza stoo alipopita akachungulia. "Ehe, Mwalimu, kumbe siku hizi wachora tupu? Wazazi wa wanafunzi wako wana habari?" Akacheka, akaenda zake, wala hakuwa na nia mbaya, ila nikauona ukurasa ule na jina langu, nikaziona nyuso za wanafunzi wangu, nikakirudisha kiungo kichupani na kichupa nikakitia mfukoni, na Daktari aliporudi nikamwambia kimepotea.

"Kimepotea vipi, Baba?"

"Kimeniruka kwenye koleo."

Akawasha tochi, akapiga magoti, akaanza kupekua sakafu ubao kwa ubao, nami, Mungu anisamehe, nikapiga magoti kando yake nikijifanya natafuta, hadi akaniambia, "Inuka, Baba, utaumiza magoti yako. Hata mpishi hodari kuna siku huunguza."

Hii ni wiki ya tatu. Kichupa nakihamisha kutoka mfuko wa koti hadi kabati la vitabu, kutoka kabati hadi chini ya godoro, kisha nakirudisha kwenye koti. Mhariri wa jarida amesema bila mchoro ule hawezi kukubali kwamba dundu huyu ni mpya, na ametoa muda hadi mwisho wa mwezi. Daktari amemjibu kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekipoteza, ili mimi nisiaibike, na mvua zikianza anarudi mazizini kutafuta dume jingine. Siketi mahali pamoja, nasomesha nikirudia aya niliyokwisha kuisoma, na mke wangu ameniuliza, "Mume wangu, mbona wazunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

Nimefikiri nimrudishie nikisema nimekiokota katika ufa wa sakafu, kwa rehema ya Mungu. Je, hilo halitatosha?

Mwalimu mwenye kichupa

*

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikikuonea huruma. Sasa niruhusu nikukemee, ingawa umri wako wanizuia.

Haya ni pambo la mwenye imani, sikatai. Lakini hii yako imemsitiri nani? Mwanamke mkweli ameandika uongo kwa mkono wake ili kulinda heshima yako. Hilo ulionee haya kuliko ukurasa wowote wa dundu.

Nawe umesoma, Mzee. Mlango wa tohara, ule wa kujisafisha kabla ya sala, uliusoma ukiwa na miaka mingapi, tisa? Mwalimu wako alivitaja viungo vya mwanadamu kwa majina yake, hakukohoa wala hakuruka ukurasa, nawe leo wawasomesha wanafunzi wako hivyo hivyo. Vya binadamu vinatajika mbele ya watoto, cha dundu ndicho kikushinde? Umemsifu Muumba kwa pembe na mgongo, ulipofika kwenye ndoana ukanyamaza, kana kwamba hiyo imeumbwa na mwingine.

Na mtunza stoo amekwisha kusahau alichosema. Miaka minne ya mtu umeiweka chini ya utani wa mpita njia.

Ufa wa sakafu uache. Daktari ameupekua kwa magoti yake, na rehema ya Mungu haiitwi kutoa ushahidi wa uongo.

Ukiipata barua hii, usingoje chai. Nenda kwake na kichupa mkononi, umwambie: "Nilikificha. Niliona haya. Hiki hapa." Mtunza stoo usimtaje. Radhi usiirefushe, ina siku yake. Keti uchore, maana mwezi haukungoji. Kisha mwandikie mhariri wewe mwenyewe, kwa jina lako, umtue Daktari mzigo ambao si wake. Na mchoro uujaze ukurasa kama alivyotaka, ukatie sahihi.

La mwisho, wala si kitisho. Jina lako umelificha, lakini mchoraji wa dundu anayesomesha dini alasiri sidhani kama mji huu una wawili. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia nyumbani, kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha, siku nne kabla ya kuchapwa. Alhamisi asubuhi gazeti litakuwa mezani kwa Daktari. Wewe uwe umetangulia.