Chuma cha Kukhu Kilichoitwa Mchina

Mundika, Busia

Kwako Dada Wakesho,

Shikamoo. Natumaini mguu wa Mama umepungua uvimbe na kwamba mvua ya huko Taita imewaachia mahindi kidogo. Mimi ni mzima. Naandika nikiwa na vidole vyote kumi, na nitakueleza kwa nini nakitaja kitu kama hicho.

Uliponipigia baada ya kusikia redioni habari za bomu la Mundika, nilikujibu kuwa halikuwa jambo kubwa. Nilisema hivyo kwa sababu Mama alikuwa karibu yako, nilimsikia akikohoa. Lilikuwa kubwa. Msomee salamu tu; haya mengine soma peke yako.

Unajua nimepanga chumba kwa Mzee Wandera. Mama yake, Kukhu, ndivyo wanavyoita bibi hapa, alikuwa na nyumba yake katika boma hilohilo, na jioni nyingi nilikaa barazani kwake tukimenya maharagwe. Marehemu mumewe alikuwa askari wa Mwingereza katika vita vya Burma. Kikosi chake kilitumwa kaskazini kupeleka mizigo kwa jeshi la Wachina lililokuwa chini ya jenerali Mmarekani. Kukhu alikuwa akiisimulia hadithi hiyo kana kwamba alikuwepo.

"Mzungu anasema, leo mnavuka mto. Mkubwa wa Wachina anasema ndiyo, ndiyo, anamwekea chai. Kesho wako palepale! Huyo alikuwa anangoja neno la rais wake, mbali huko."

"Mzungu akafanya nini?"

"Alikasirika mpaka hasira ikamwisha. Halafu akabeba bunduki yake mwenyewe, mzee mkavu vile, akaenda kukaa mbele kabisa karibu na maji. Wachina wakaona haya kuacha mzee wa watu afe peke yake. Wakavuka."

Mumewe alirudi na chuma alichopewa na askari wa Kichina kwa kubadilishana na tumbaku. Nyumbani kikaitwa Mchina. Nilikuwa nikiwasikia wakisema, "Sukuma Mchina, mlango ufungike," wala sikuuliza. Mimi, niliyekula mshahara wa kuuliza maswali miaka yote hii.

Kukhu alifariki mwezi huu. Nilipoingia nyumbani kwake kwa mara ya kwanza, kuuaga mwili, nilimwona Mchina ameegemea mlango. Lilikuwa kombora la mzinga, refu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Mabawa ya mkiani yalikuwa yameliwa na kutu, lakini kichwa cha shaba kiling'aa kwa sababu wanawake wa boma hilo wamekuwa wakivunja karanga kwa kichwa hicho tangu wakati wa uhuru. Nimeona makombora yaliyolipuka na yasiyolipuka nilipokuwa nikiripoti kule kaskazini mwa nchi. Miguu yangu ilijua kabla yangu, nilijikuta nje.

Nilipiga simu polisi. Hawakuniamini hadi nilipowapelekea picha. Wataalamu wa mabomu walikuwa mbali na walifika siku iliyofuata mazishi. Waliongozwa na inspekta mwanamke, wa makamo, mwenye sauti ya kuzoea kutiiwa. Akaamuru boma lote litoke hadi barabarani.

"Ndiyo, Madam," akasema Wandera, na kofia akavua. "Tumesikia vizuri sana."

Hakutoka mtu. Dada, hapa mtu akizikwa, wanawake wa ukoo hulala katika nyumba yake mpaka siku ya kunyoana nywele. Kabla ya siku hiyo nyumba haiachwi tupu, na kitu cha marehemu hakihamishwi hata kijiko. Wanawake saba walikuwa wamekaa sakafuni. Nafula, mke wa mtoto wa Wandera, alikuwa amekilaza kichanga chake kwenye kitenge hatua mbili tu kutoka kwa Mchina.

Inspekta akaamuru tena. Wandera akaitika tena, kwa heshima ileile, kisha akamtuma mtu akamletee kiti na chai.

"Hawa wanakataa?" Inspekta akaniuliza.

"Hawakatai. Wanamngoja Senge." Senge ni dada ya marehemu mume wa Kukhu, shangazi wa boma zima, anayeishi Sio Port, kando ya ziwa. Alikuwa afike kesho yake, siku ya kunyoa. Neno lake ndilo neno.

"Nitawatoa kwa nguvu."

"Kwa kuburutana mlangoni, ambapo kombora limeegemea?"

Akautazama mlango. Nikamsimulia habari ya jenerali na mto, kwa kifupi. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa saa mbovu.

"Mwandishi, unataka nife kwa hadithi ya bibi?"

Lakini alivua kofia yake ya chuma, akavua viatu kama mgeni, akaingia, akaketi kati ya kichanga na lile kombora. Dada, nimewahi kuogopa mara nyingi, na mara zote nilikuwa na kazi ya kufanya. Safari hii nilisimama uani mikono mitupu nikisikiliza mtoto akipiga chafya.

"Madam, utachafua sare," akasema mmoja wa wanawake.

"Haidhuru. Tukilipuka hakuna atakayeitazama."

Mmoja akacheka, akajizuia. Kisha Nafula akaanza kulia, bila sauti. "Huyu pia ni mtoto wa mtu," akawaambia wenzake, akimtazama Inspekta. "Tutamweleza nini mama yake? Mpigieni Senge."

Wandera akapiga, akaweka sauti kubwa. Tulimsikia Senge akifoka juu ya kelele za soko la dagaa wa omena. "Mnaningoja mimi na moto uko ndani? Nyinyi ni kuku? Wembe uko? Nyoeni sasa hivi! Mimi nitanyolewa nikifika."

Basi walinyoana wakiwa wamechutama uani, haraka, wembe mmoja, maji baridi. Wandera alikatwa sikio, akainamisha kichwa wamalizie. Kichanga kilinyolewa nywele chache tu za utosini. Inspekta hakutoka ndani mpaka kichwa cha mwisho kilipomalizwa na wote wakawa barabarani. Wataalamu walimbeba Mchina kwenye sanduku la mchanga hadi kwenye machimbo ya mawe, wakamlipua. Madirisha ya chumba changu yalipasuka, na machimbo si karibu.

Ningeishia hapo kama Senge asingefika mchana ule kwa boda boda. Alimkumbatia Inspekta, akatazama pale mlangoni.

"Mmechukua huyo. Na mwenzake?"

Inspekta akatoa daftari.

"Kaka yangu alileta vyuma viwili. Cha pili alimpa mkwe wake wa Malaba. Yule aliogopa, akakizika kwenye boma lake."

Tulikwenda Malaba siku hiyohiyo. Mkwe huyo alifariki zamani na watoto wake waliuza kiwanja. Sasa ni uwanja wa kuegesha malori, na zaidi ya nusu ni matangi ya mafuta yanayongoja kuvuka kwenda Uganda. Boma lilisimama wapi, mlango ulielekea wapi, hakuna anayekumbuka. Inspekta ameomba kifaa cha kupima chuma ardhini. Katika uwanja huo kifaa kitalia kila mahali: nati, springi, vipande vya breki. Mwenye uwanja amekubali kuwaondoa madereva, na ameshasema hivyo mara tatu.

Nimetumwa kuifuata habari hii, kwa hiyo kila siku nipo pale. Jana dereva mmoja aliyekuwa akikaanga mayai chini ya tangi lake aliniita: "Boss, mbona unakanyaga kama kuku kwenye tope?" Nikamweleza. Alizima jiko, akaingia garini akawasha injini, na lori likaanza kurudi nyuma taratibu juu ya udongo mwekundu. Nikajikuta nimeziba masikio.

Msalimie Mama. Msalimie shemeji, na binamu yetu mchunga mbuzi, na mwalimu wa kwaya anayenidai barua. Waambie nakula vizuri, maana hilo ni kweli.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kutembea polepole,

Mwadime