Baragumu la Bei ya Unga

Jumatatu, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimekunywa uji bila sukari. Nimesoma gazeti la wiki iliyopita, lililopanda hapa milimani likiwa limefungia sabuni. Waziri anasema mfumuko wa bei umedhibitiwa. Huenda ni kweli kwa wastani. Wastani haupikwi.

Mashineni wanawake wawili wamepigana. Walipata kipaimara siku moja. Leo wamegombea unga uliobaki, mmoja akamng'ata mwenzake sikio. Damu ilidondoka ndani ya unga. Aliyeshinda aliubeba hivyo hivyo.

Niliondoka milima hii nina miaka tisa, maporomoko yalipozoa shamba la baba. Miaka sitini ya tambarare: kambi za mkonge, kisha chaki. Milima niliyoikumbuka huko haikuwa na watu wanaong'atana.

Jumatano, 6 Machi

Bei mpya za mafuta zimetangazwa. Mbonea amepandisha unga tena.

Mbonea ni mume wa Namsifu, binti wa marehemu kaka yangu. Ninaishi kwao tangu mwaka juzi. Ana lori, Fuso: anateremsha tangawizi ya watu mjini Same, anapandisha unga na mbolea. Ananieleza: dizeli, matairi, ushuru wa mazao kizuizini. Namwamini. Lakini tangawizi anainunua kwa lumbesa, gunia limevimba hadi linashonewa kilemba, na hilo hanielezi.

Kijiweni wanabishana.

"Serikali ifunge mpaka, mahindi yasitoke."

"Ukifunga mpaka, aliyelima hayo mahindi atamuuzia nani?"

"Asiuze. Ayale."

"Na ruzuku ya mbolea je?"

"Namba ya ruzuku ninayo kwenye simu. Mbolea iko Same. Niichemshe namba?"

Walicheka. Dakika kumi baadaye jiwe lilipita kwenye kioo cha Fuso. Aliyerusha ni Zakaria, mkulima wa kitongoji cha juu, ana watoto watatu. Mbonea alimkamata, akampiga kwa spana ya magurudumu mpaka mkono ukaning'inia. Nilikuwa hatua tano. Sikusema kitu. Niliona raha kidogo. Naandika hivi kwa sababu ni kweli.

Ijumaa, 8 Machi

Kuna maneno kwamba stoo ya Mbonea imejaa magunia, anangoja njaa ikaze. Wanasema wataichoma. Yeye ndani yake.

Namsifu hali chakula. "Baba mdogo, watamwua huyu."

Nimekwenda kwa mtendaji wa kijiji, aitishe mkutano. Hataki. "Bei ni ya soko huria, mzee wangu. Kijiji hakipangi bei."

Mimi nasadiki mjadala. Nimefundisha watu kubishana kwa hoja nusu ya maisha yangu. Wakisikia hoja ya mafuta, ya barabara, ya ushuru, watageuza hasira iende inakostahili. Nimeandika ukurasa mmoja.

Nikamwendea Sekiete, mwenyekiti wa kitongoji. Baragumu liko kwake, pembe ya tandala, la ukoo. Nakumbuka utotoni lilivyotoa watu wote majumbani.

"Baragumu, mzee? Una hakika?"

"Nataka waje wote. Pale kwenye ndiva."

"Kwa baragumu watakuja."

Alinitazama kama anayetaka kuongeza neno. Akaenda kulitoa.

Jumamosi, 9 Machi

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa mbili asubuhi baragumu lililia. Nilisimama kwenye ukingo wa ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na karatasi yangu. Wakaja. Wote. Kila mmoja na jembe, panga, sururu, shoka.

Baragumu huita msaragambo, kazi ya pamoja: kuzibua mfereji, kuziba mashimo ya barabara. Anayekuja mikono mitupu hutozwa faini. Mtoto yeyote hapa anajua. Mimi utotoni nililisikia kutoka mlangoni kwa mama, nikarudi kucheza bila kuona watu wamebeba nini. Sekiete alidhani nataka barabara itengenezwe ili Fuso ipite na unga ushuke bei. Aliona aibu kumuuliza mzee aliyesoma.

Ningewarudisha. Sikuwarudisha. Nilisoma ukurasa wangu. Nilipofika kwenye dizeli sauti ikatoka nyuma: "Kumbe tumeitwa kazini kuja kumsikia mtu anamtetea mkwewe!"

Mbonea alikuwepo kwa sababu nilimwambia aje. Nikamwambia, "Waeleze." Akasema: "Anayeona ghali ashuke Same kwa miguu."

Kaka wa Zakaria alimfikia wa kwanza. Mbonea aliinua mkono wa kulia kujikinga. Panga lilipita kwenye kifundo, mkono ukabaki kwenye ngozi. La pili begani. La tatu sikuliona, nilikuwa nimesukumwa chini. Nilisikia mipini ya majembe ikipiga nyama. Sauti yake si kama ya kitu kingine chochote. Wakamtupa ndani ya ndiva. Maji yakawa mekundu mpaka kwenye mlango wa mfereji. Namsifu alijitosa na nguo zake, akamshika kichwa kisizame, na bado wakampiga juu ya vidole vyake.

Kisha wakakimbilia stoo. Walivunja mlango kwa shoka. Ndani magunia kumi na moja tu. Walisimama kidogo, nadhani waliona haya. Halafu wakagombea hayo kumi na moja, wakapasuana vichwa, unga ukakanyagwa na matope. Mtu akawasha kiberiti.

Dereva wa Fuso amemshusha Mbonea Same. Anapumua. Sijui zaidi.

Jumapili, 10 Machi

Kanisani safu nne tu. Mchungaji hakuhubiri.

Polisi wamepanda na magari mawili. Wamekamata waliochelewa kukimbia. Wa kwanza ni Sekiete, kwa kuwa ndiye aliyepuliza. Walimpiga mbele ya wajukuu wake. Aliulizwa nani alimtuma. Alinyamaza.

Nilikuwa kwenye uchochoro wa migomba, umbali wa nyumba mbili. Nilinyamaza pia.

Jumatatu, 11 Machi

Mkono wa Mbonea umekatwa hospitalini. Ubavu umevunjika mahali patatu. Daktari hajui bado.

Ndugu zake Mbonea wamechoma nyumba ya kaka wa Zakaria. Mwenyewe hakuwepo. Ng'ombe wake alikuwepo. Walimkata mishipa ya miguu ya nyuma, wakamwacha. Alilia mpaka saa sita mchana. Hakuna aliyethubutu kwenda kummalizia. Nilikwenda mimi, na shoka. Sijawahi kuua mnyama. Ilichukua mapigo mengi mno.

Jumanne, 12 Machi

Mkutano wa hadhara leo, ofisa kutoka wilayani. Mafuta, barabara, ushuru. Kila hoja iliyokuwa kwenye ukurasa wangu. Watu walisikiliza kwa adabu, mikono mitupu.

Nilitoka mkutano ukiendelea.

Alhamisi, 14 Machi

Nimeshuka Same. Kituoni nimesema yote. Askari ni kijana, amenipa kiti.

"Shikamoo, mzee. Kwa hiyo uliwaita wajadili uchumi, wakaja na mapanga?"

"Anayeitwa na baragumu huja na chombo cha kazi. Ndiyo desturi."

"Na wewe ni mwenyeji?"

"Nimezaliwa huko."

"Sasa hukujua vipi?"

Nilimwambia kuhusu maporomoko, mkonge, miaka. Hayo hakuyaandika. Aliandika: *mtoa maelezo hakujua desturi*. Nikatia sahihi. Ni maneno makali kuliko yote niliyowahi kuyatilia sahihi.

Jioni Sekiete ametolewa. Jicho moja limefumba. Alinipa mkono, akapanda pikipiki. Mimi nitaripoti kila Jumatatu.

Jumapili, 17 Machi

Nimepanga chumba nyuma ya stendi. Upepo, vumbi. Milima iko pale pale, imejifunika mawingu.

Mbonea ataishi. Jana nilimkuta amekaa kitandani, anajaribu kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nilinyoosha mkono nimsaidie. Akasema, "Acha, baba mdogo." Si kwa hasira. Nikaacha.

Leo Namsifu amepita akitoka wodini. Vidole vyake viwili vimefungwa pamoja. Amenisalimu, nimeitikia. Kaniuliza kama nimekula. Nikasema ndiyo. Amekaa ukingoni mwa kitanda, maana hakuna kiti, tukasikiliza mabasi. Kisha ameacha furushi, akaenda zake.

Ni nguo zangu, amezifua na kuzipiga pasi. Nimezitoa moja moja. Chini kabisa ameweka koti zito la baridi, lile ninalovaa milimani.

Same hakuna baridi.

Nimelitundika msumarini.