Cheche za Shuka

Dada yangu mpenzi,

Mimi sijambo. Bado nafua mashuka ya hospitali huku ugenini. Mikono imebabuka kwa dawa, lakini nakula vizuri, usihofu.

Jana taa ya chumba cha kukaushia nguo iliungua. Nikavuta shuka kavu gizani, likatoa cheche! Vinyota vya buluu vikanirukia viganjani, wala havichomi. Miaka mitatu hapa sijashangaa kitu. Ni kazi na usingizi tu. Basi nikacheka peke yangu kama mwehu, nikaita kwa sauti, "Mama, njoo uone!"

Kisha nikakaa juu ya kapu la nguo chafu, nikaanza kuhesabu.

Miezi minne sasa, kila nikipiga simu mchana unaniambia mama amelala. Mama huyu huyu aliyekuwa akitutimua kitandani kwa fagio? Na kwenye picha uliyonitumia, miwani yake umeivaa wewe.

Najua ulinificha nisije nikaacha kazi. Sitakugombeza, ila usinidanganye tena. Niambie tu mlimzika upande gani wa kaburi la baba.

Mdogo wako,
kitindamimba wa mama