Neno Lililochelewesha Maziko

Mwanza, Ijumaa baada ya sala

Mama yangu mpenzi, Bi Time,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na yale magoti yawe yamekupa nafasi ya kusali bila kiti. Mwambie mjukuu wako Mwanaisha akusomee taratibu, asikimbize kama anavyokimbiza vitabu vyake vya skuli. Sisi huku tuko salama. Mkweo Zuhura anakusalimu, na watoto wamekua. Huyu mdogo amejifunza kuamkia, sasa anamwamkia kila kiumbe, hata paka wa jirani anapewa shikamoo.

Utauliza kwa nini nimeandika na simu ipo. Mama, kuna mambo nikiyasema kwa simu yanatoka mafupi na makavu. Nataka uyapate kama ningekuwa nimekaa nawe uani, wewe unachambua karafuu na mimi nazungumza.

Msiba wa Mzee Shaame umeshausikia. Ni yule mzee wa Kojani niliyekuwa nikikuhadithia, aliyekuja kuvua huku ziwani ujanani, na macho yalipochoka akabaki kushona nyavu za wenzake. Hakuwa na mke wala mtoto. Kila siku baada ya Alasiri alikuja kwenye duka la tajiri wangu, hapa ninapouza vipuri vya mashine za boti, akageuza kreti akakaa. "Haya Hamad," ataniambia, "tuzungumze kikwetu, mdomo wangu umechoka kuvaa viatu." Basi akaanza: ntu huyu, nnyumba ile. Wateja walikuwa wakicheka. Mimi nilicheka nao, lakini Mama, mara nyingine niliinamia vipuri nikijifanya natafuta kitu, kwa sababu nilikuwa nikisikia sauti za kijijini kwetu Wambaa.

Alifariki hospitali, alfajiri. Wapemba tuliopo hapa hatuzidi watu wa kujaza jamvi moja, tukakutana na majirani na watu wa msikitini, tukakubaliana azikwe baada ya Adhuhuri. Wengine wakenda kumwosha. Mimi nikatumwa kutafuta kibali cha maziko, maana makaburini hawaruhusu jembe kugusa ardhi mpaka waione karatasi hiyo. Walinichagua mimi kwa sababu, walisema, nina maneno laini.

Nilifika ofisini mapema. Dirisha la kwanza kijana akaniambia niende la pili. La pili wakaniambia mtandao hakuna, nisubiri. Nikasubiri. Mtandao uliporudi, ikaonekana karatasi ya hospitali imeandikwa Shaame, lakini kitambulisho cha marehemu kinasema Shabani. Mama, huku jina la Shaame hawalijui. Aliyemwandikisha zamani alidhani mzee anakosea jina lake mwenyewe, akamsahihishia. "Hawa ni watu wawili," akasema yule wa dirishani. "Nenda kwa dada pale mezani, yeye ndiye anayeshughulikia majina."

Nikenda. Alikuwa mwanamke wa makamo ya Zuhura, kajipamba vizuri, mbele yake mafaili yamepandana. Nikasimama kama ulivyonifunza, mikono mbele, sauti chini.

"Habari za asubuhi, bibi. Samahani nakusumbua."

Akainua uso. "Unamwita nani bibi?"

"Wewe, bibi."

Foleni nyuma yangu ikacheka. Sikujua wanacheka nini.

"Umeniona nina mvi? Umeniona natembelea mkongojo? Mimi na wewe nani mzee?"

"Sivyo, bibi, nisamehe, sikukusudia..."

"Kaniita tena! Jamani mnamsikia?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Huku bara, Mama, bibi ni mama wa mzazi wako, ajuza. Neno ambalo mimi sithubutu kumwita mwanamke wa heshima bila hilo, kwake limekuwa kejeli mbele ya watu. Nimekaa huku miaka yote hii na najua vizuri, lakini siku ile kichwa changu kilikuwa kwa maiti, na ulimi ukarudi nyumbani peke yake.

Nikajaribu kumweleza. "Kule kwetu Pemba..."

"Kwenu ni kwenu, hapa ni ofisini. Kaa pembeni, pumbavu wewe, nihudumie wenye akili."

Mama, tangu nizaliwe sijawahi kuambiwa neno lile mbele ya watu. Masikio yaliniwaka. Nikameza. Nikamwambia, "Dada, nina maiti. Tunataka kumzika mchana huu."

Akasema, huku anafungua faili la mtu mwingine, "Maiti wako hakimbii. Atasubiri."

Kichwani mwangu nilimwona Mzee Shaame amelala kwenye ubao na watu wamemshika kichwa, wanamwagia maji. Nikasikia mdomo wangu unasema: "Wewe hukufunzwa. Aliyekulea alilea nini?"

Pale ofisini hakuna aliyeshtuka. Kwao lilikuwa jambo dogo, wanatupiana makubwa kuliko hilo wakigombea foleni. Lakini wewe unajua, kwetu mtu akikwambia hukufunzwa, hakukutukana wewe tu. Amekwenda mpaka kwa mama yako, hajapiga hodi. Na yule dada alilisikia kama ningelisikia mimi. Kalamu akaiweka. Macho yakamjaa maji, akageukia ukutani.

Akaja mgambo, kamwona analia, akanishika mkono. "Umetumia lugha ya matusi kwa mtumishi wa umma. Kaa hapa, mkubwa akija ataamua."

Nikakalishwa kwenye benchi la ukutani. Simu ikalia, Faki, yule wa Chokocho tuliyekuja naye: "Tumeshamkafini, uko wapi?" Nikamwambia bado kidogo. Adhuhuri ikaadhiniwa, niko pale pale. Simu ikalia tena, sikuipokea.

Mama, nilikukumbuka kwa kiu. Nilimkumbuka sheha wetu wa zamani, Mzee Kombo, na baraza yake. Unakumbuka uliponichukua kwake kutaka barua ya kuingia skuli? Tulikaa. Akakuuliza habari za baba, akauliza habari za mbuzi aliyevunjika mguu, akauliza kama mhogo wa bondeni umeshika. Kahawa ikaja. Ndipo ukasema shida yako, na yeye akasema, "Ah, bibi, muhuri uko Mkoani, njoo kesho." Tulikwenda mara ngapi kwa muhuri ule? Sisemi kwamba kwetu kazi zilikuwa zikienda upesi. Lakini tulirudi nyumbani tunacheka, na wewe ukasema, "Maskini Kombo, kajitahidi." Hakuna aliyeondoka pale akijiona takataka. Hilo tu ndilo nililokuwa nikilitaka siku ile, niambiwe njoo kesho kama mtu.

Mkubwa wa ofisi akaja, ametoka mkutanoni, jasho linamtoka. Akatuita wote wawili chumbani kwake.

"Dada Neema, huyu kakutukana nini?"

"Aliniita bibi," akasema. "Mara tatu."

Mkubwa akanitazama, akamtazama yeye, akawa kama anayezuia kicheko. "Halafu?"

Nilikuwa nasubiri aseme. Akatazama vidole vyake, akasema, "Basi, hilo tu."

Mkubwa akapumua. "Sasa hilo nalo ni tusi? Huyu ni Mzanzibari, huko ndivyo wanavyosema. Bwana, nenda kachukue karatasi yako, na wewe Neema..."

Mama, mlango ulikuwa wazi. Karatasi ilikuwa yangu. Faki na wenzake walikuwa wananingoja na jua linapinda. Ningeweza kusema ahsante nikatoka. Lakini nilimwona yule dada amekubali achekwe na mkubwa wake kuliko kulirudia lile neno kwa mdomo wake, na nikashindwa kuinuka.

Nikasema, "Mzee, bibi halikuwa tusi. Nililitaja kwa heshima. Tusi nililolitoa ni la pili, naye kalificha. Nilimwambia hakufunzwa. Nikamtaja aliyemlea, mtu nisiyemjua." Nikamgeukia. "Dada, sikuwa na haki hiyo. Nisamehe wewe, na uniombee radhi kwa mzazi wako."

Mkubwa akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Neema akasema, taratibu, "Mimi nimelelewa na bibi yangu. Mama aliniacha mgongoni kwake. Aliuza mihogo akanisomesha. Yuko kijijini, hasikii vizuri, na amenifunza kila kitu." Akajifuta. "Uliposema bibi nilidhani umetumwa. Hapa wananitania kwamba nazeekea mezani bila kuolewa. Halafu ukamtaja yeye kabisa."

Nikasema tu, "Mungu ampe umri."

Tukarudi mezani kwake. Akavuta kiti, mara hii akaniambia nikae. "Marehemu anaitwa nani?" Nikamwambia. "Lisome tena." Nikalisoma: Sha-a-me. Akaniuliza lina maana gani na linaandikwaje, akanitajia herufi moja moja mpaka akaridhika, kisha akaingia kwa mkubwa kuomba saini ili jina la hospitali ndilo lifuatwe. Sijui alimwambia nini huko ndani, lakini alitoka na kibali. Hakuniomba radhi kwa lile pumbavu, wala mimi sikulidai. Alinisindikiza mpaka getini, akamwambia mgambo, "Mwache apite, ana msiba," kisha akaniambia, "Poleni sana. Mwahini mzee wenu."

Tulimwahi, Mama. Tulimsalia baada ya Alasiri na tukamweka kaburini jua likiwa bado liko juu ya milima. Si wakati tuliopanga, lakini hakulala nje.

Neema nimemwona tena. Wiki iliyopita alipita dukani na mjomba wake kutafuta plagi ya mashine ya boti. Tukasalimiana vizuri. Akaniuliza, kwa utani kidogo, hivyo huko kwetu wanawake wote ni bibi? Nikamwambia wale wa heshima. Akacheka, akasema basi safari hii nimwite nipendavyo. Nilifungua mdomo, nikaona haya, nikamwita dada. Nilipofunga duka jioni nililia kidogo, na wala sikuwa namlilia yeye. Kreti ya Mzee Shaame iko tupu pembeni, na hapa dukani sina tena wa kuzungumza naye kikwetu.

Sasa nina ombi. Dada yake Mzee Shaame, Bi Mize, yuko Kojani peke yake. Nilimpigia siku ile ile, lakini masikio yake mazito na simu ikawa inakatika. Aliniuliza neno moja tu, akalirudia: "Alizikwa na watu? Alizikwa na watu?" Sikujua kama jibu langu lilimfikia. Nakuomba, magoti yakikuruhusu, kaka Mbarouk akupeleke, mvuke kwa mashua, ukae naye japo mchana mmoja. Mwambie ndiyo, alizikwa na watu. Msikiti ulitoka wote. Wavuvi wa ziwani, wengi si Waislamu, walivua kofia wakaomba wabebe jeneza nao, tukawapa zamu. Mwanamke mmoja anayekaanga dagaa alifunga biashara yake, akasimama nje ya makaburi mpaka tukamaliza. Mwambie aliyemwosha ni Faki wa Chokocho, mikono ya nyumbani. Yale ya ofisini usimsomee. Hayo ni yako wewe.

Nisalimie kaka Mbarouk, na umwambie yule binamu yake wa bandarini hapa Mwanza bado ananikwepa na deni lake. Nisalimie shangazi Asha, aliyeninyonyesha ulipokuwa mgonjwa. Ami Khatib mwambie dua zake zinanifikia. Jirani yetu Bi Siti mpe salamu zangu kwa sauti kubwa apate kusikia, naye asikasirike. Mwanaisha, wewe unayesoma, ahsante, na usimfiche bibi yako ukurasa.

Mwenye duka ameniahidi ruhusa ya Idi, inshaallah. Nikija, Mama, usihangaike na mapishi wala kutandika chumba. Niwekeeni jamvi uani, kisha wewe na Bi Siti na shangazi mzungumze mambo yenu kama kawaida, msinijali. Mimi nitalala pale chini nisikilize.

Mwanao akupendaye,
Hamad