Kombe la Zuhura

Mume wangu Idrisa,

Shikamoo yako imefika huku Mtanda, marahaba. Mguu wangu umepona, na shangazi yako kajifungua salama mtoto wa kike, alhamdulillahi.

Umeniuliza mama yako aliingiaje kwenye hiyo ikolojia yake. Alianzia topeni, mjukuu wangu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba ndiyo kwanza inajaa Lindi. Wenzake wakitoka shule wanakimbilia kuchagua magauni, yeye anakwenda kwenye mikoko, anachuchumaa peke yake akinong'ona. Majirani wakasema ana jini. Nikampeleka kwa shehe akanywe kombe.

Shehe akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani, akaziosha kwa marashi. Kabla hajampa akamuuliza, "Zuhura, kule unazungumza na nani?"

"Na kaa, Shehe. Maji yakijaa, kila mmoja anaingia shimoni anaziba mlango kwa tope. Lakini mikoko ikikatwa wanahama. Wanakwenda wapi?"

Shehe akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mama Zuhura, huyu hana jini, ana maswali. Mpeleke kwa walimu wake. Na kombe lisimwagwe, linywe wewe mwenye hofu."

Nikalinywa lote, na kifua kikawa chepesi. Tangu siku hiyo akirudi na tope magotini, namuuliza, "Haya, leo kaa wako wamesemaje?" Naye ananisimulia mpaka ubwabwa unaungua.

Ule ushibe, mume wangu, na Mungu akulinde huko uliko.

Bibi yako